Mtoto Si Nakala
Maneno kwa wazazi na waalimu juu ya kunakili mwanadamu



Mmetupa zamu ya kusema neno katika siku hizi za jubilei, nasi tumechagua jambo ambalo labda wengine wenu wataona kwamba liko mbali sana na mashamba yetu na nyumba zetu. Jambo lenyewe ni hili: je, yafaa mwanadamu afanyizwe awe mfano wa mwanadamu mwingine, kama karani anavyonakili barua? Wataalamu huiita kazi hiyo kloni. Wanafunzi wa sekondari huisoma katika vitabu vyao, na wengine husikia habari zake katika redio, kisha huja kutuuliza. Mwalimu akikosa jibu hunyamaza, na mwalimu anyamazapo, uvumi hushika nafasi yake.

Wala swali hili si la shuleni tu. Mama mmoja wa huku kwetu, aliyemzika mtoto wake wa pekee, alitujia jioni moja akatuambia, "Nimesikia kwamba huko Ulaya waliweza kumrudisha kondoo aliyekwisha kufa. Mimi nimeweka nywele za mwanangu. Je, watu wale wakizipata, watanirudishia mtoto?" Hatukucheka, maana swali lile lilitoka katika machozi. Walakini hatukuweza kulijibu sawasawa siku ile. Basi maneno haya ya leo ni jibu letu kwake, ingawa limechelewa, nasi twawaomba mlisikilize pamoja naye.

Kwanza yatupasa kuelewa kazi yenyewe ni nini, maana si haki kusifu wala kulaumu jambo tusilolijua. Tena tusiogope neno geni. Kila mkulima hapa amefanya kazi ya namna hii tangu utoto wake. Ukitaka muhogo hutafuti mbegu. Hukata shina la muhogo wa zamani ukalipanda, na muhogo uotao huwa ni ule ule, wenye majani yale yale, na utamu au uchungu ule ule. Mgomba nao hutoa machipukizi ubavuni mwake, na viazi vitamu huota kwa marando. Mimea hiyo haikutoka kwa wazazi wawili. Ni mmea mmoja uliozidishwa mara nyingi.

Mwanadamu si hivyo. Mwili wetu umejengwa kwa vijumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho, navyo huitwa seli. Ndani ya seli, isipokuwa za aina chache, mna kiini, na ndani ya kiini mna maagizo ya kuujenga mwili, ndiyo jeni. Nusu ya maagizo hayo mtoto huyapata kwa baba yake na nusu kwa mama yake, nayo huchanganyika kwa namna ambayo haikupata kuwapo. Ndiyo sababu ndugu watano wa tumbo moja hawafanani kabisa. Ila mara nyingine yai lililokwisha kutungwa mimba hugawanyika likawa mawili, ndipo wanapozaliwa Kulwa na Doto wa kufanana, ambao jirani hawezi kuwatambua. Hao wana maagizo mamoja, kama mihogo miwili ya shina moja. Basi kumnakili mtu ni kutaka kumpatia pacha wake, lakini pacha huyo azaliwe nyuma yake kwa miaka mingi.

Zamani wataalamu walijiuliza, je, seli ya mnyama aliyekwisha kukua yaweza kuanza tena kazi ya kujenga mwili mzima? Mwaka wa 1958 John Gurdon wa Oxford, Uingereza, alitangaza kwamba amelea vyura wazima waliotoka katika viini vya seli za viluwiluwi, ambavyo alivitia ndani ya mayai ya chura. Watu wengi walidhani kwamba kwa wanyama wanyonyeshao jambo hili haliwezekani. Kisha tarehe 5 Julai 1996, katika Taasisi ya Roslin karibu na Edinburgh, nchi ya Uskoti, alizaliwa kondoo jike aliyeitwa Dolly. Ian Wilmut, Keith Campbell na wenzao walichukua seli ya kiwele cha kondoo wa miaka sita, mwenye uso mweupe. Wakachukua na yai la kondoo mwingine, mwenye uso mweusi, wakatoa kiini chake, wakaiunganisha seli ile na yai lile kwa nguvu kidogo ya umeme. Yai likaanza kukua, nao wakalitia katika tumbo la kondoo mwenye uso mweusi. Siku zilipotimia, yule mwenye uso mweusi akazaa mwana mwenye uso mweupe. Habari hiyo ilitangazwa mwezi wa Februari 1997, ikazunguka dunia yote. Na yule kondoo wa kwanza, aliyetoa seli, alikuwa amekwisha kufa kabla Dolly hajazaliwa. Ndipo ulipotoka uvumi ule, kwamba kondoo aliyekufa amerudishwa.

Sasa na tuseme faida, wala tusizifiche, kwa maana mwenye kuficha wema wa jambo hasadikiwi anaposema ubaya wake.

Faida ya kwanza ni ya mifugo. Huko Nairobi, katika Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, wataalamu walipata ndume wa Boran kwa njia ya kloni, wakamwita Tumaini. Yeye alikuwa hatua ya mwanzo tu. Nia yao ni kupata ng'ombe wasiouawa na nagana, ugonjwa uletwao na mbung'o. Nyani anayo kinga ya ugonjwa huo katika damu yake. Basi wataka kuitia jeni ya kinga ile katika seli ya ng'ombe, na kutoka seli hiyo wapate ng'ombe mzima. Mfugaji aliyepoteza zizi lake kwa mbung'o hatadharau kazi hiyo. Kadhalika wanyama wanaokaribia kutoweka waweza kusaidiwa. Huko Marekani yuko mnyama mdogo wa jamaa ya kicheche, mwenye miguu myeusi, ambaye jamii yake ilikuwa karibu kwisha. Mwezi wa Desemba 2020 alizaliwa mmoja kutoka seli zilizohifadhiwa katika baridi kali tangu mwaka wa 1988.

Faida ya pili, iliyo kubwa zaidi, ni ya uponyaji. Magonjwa mengi huja kwa sababu seli za mahali fulani mwilini zimekufa wala hazirudi, kama zile za jicho, au za ubongo, au zile zitengenezazo dawa ya sukari ndani ya mwili. Kama mgonjwa angepewa seli mpya zenye maagizo yake mwenyewe, mwili wake usingezikataa kama ukataavyo kiungo cha mtu mwingine. Mwaka wa 2013 Shoukhrat Mitalipov na wenzake huko Oregon, Marekani, walizipata seli za namna hiyo kwa njia ile ile ya Dolly, lakini hawakutia chochote katika tumbo la mwanamke. Yai lililoanza kukua waliliacha siku chache tu, kisha wakalivunja, wakachukua seli zake. Hapo ndipo penye shida, kwa maana Wakristo wengi husema kwamba lile lililoanza kukua ni mwanadamu mchanga, wala si haki kumvunja mmoja ili kumponya mwingine.

Lakini angalieni jinsi njia nyingine ilivyofunguka. Mwaka wa 2006 Shinya Yamanaka wa Kyoto, Japani, alionyesha kwamba seli ya ngozi ya panya yaweza kurudishwa katika hali yake ya uchanga bila yai lo lote. Mwaka wa 2007 jambo hilo likafanyika kwa seli za mwanadamu. Mwaka wa 2012 yeye na Gurdon, yule wa vyura, wakapewa pamoja Tuzo ya Nobel. Na mwaka wa 2014, huko huko Japani, mwanamke aliyekuwa akipotewa na nuru ya macho alitiwa jichoni seli zilizotoka katika ngozi yake mwenyewe. Kazi hizi zingali za kujaribiwa, wala mtu asiuze ng'ombe wake kumlipa tapeli amwambiaye kwamba dawa iko tayari kwa kila ugonjwa. Walakini tumaini lake ni la kweli, nasi twawaombea heri watendao kazi hiyo kwa uaminifu.

Iko na hoja ya tatu, ya wale wasiojaliwa kuzaa. Wako wasemao kwamba kloni ingewapa mtoto wa damu yao. Tusiipuze hoja hii, maana twajua sana jinsi mke asiyezaa anavyosemwa kisimani na sokoni, na jinsi mume anavyoshauriwa na ndugu zake amwache. Uchungu wao ni wa haki. Swali letu ni kama dawa hii yafaa, au kama yamtwika mtoto mzigo ili kuwatua wazazi.

Basi na tuzitazame hatari. Ya kwanza ni ya mwili. Ili apatikane Dolly mmoja, wataalamu waliunganisha seli na mayai mara 277. Katika hayo, 29 tu yaliendelea vema hata yakatiwa katika matumbo ya kondoo 13, na aliyezaliwa akaishi ni mmoja. Mwaka wa 2018 wataalamu wa Shanghai, nchi ya China, walitangaza kuzaliwa kwa tumbili wawili kwa njia hii, nao ni jamaa ya karibu zaidi ya mwanadamu. Kwa ajili ya hao wawili, mimba changa 79 zilitiwa katika matumbo ya tumbili majike 21. Katika ng'ombe na kondoo, wengine huzaliwa wakubwa kupita kiasi, au wenye mapafu na moyo usiofaa, wakafa baada ya siku chache. Hatusemi kwamba wote huwa wagonjwa. Kondoo wanne wengine waliotoka katika seli zile zile za Dolly walizeeka wakiwa na afya, na habari yao ilitangazwa mwaka wa 2016. Lakini mfugaji akipoteza wengi na kupata mmoja, huandika hasara katika daftari. Sisi tutaandika nini, na katika daftari gani, ikiwa wapoteao ni watoto wa watu? Na nani atakayechukua mimba zile zitakazoharibika?

Swali hilo latuleta kwenye hatari ya pili, ya wanawake. Kazi hii hutaka mayai mengi, na yai halipatikani ila kwa mwanamke, naye hupewa dawa za kukuza mayai mengi kwa mara moja, dawa ambazo mara nyingine humdhuru. Mwaka wa 2004 na wa 2005 Hwang Woo-suk wa Korea ya Kusini alitangaza kwamba amepata seli za wanadamu kwa kloni, akasifiwa kama shujaa wa taifa. Baadaye chuo kikuu chake kilichunguza, na mwezi wa Januari 2006 kikasema wazi kwamba habari zile zilikuwa za uongo. Mayai yaliyotumika yalikuwa zaidi ya 2,000, kutoka kwa wanawake zaidi ya 100. Wengine walilipwa, na wengine walikuwa wanawake waliofanya kazi chini ya mkono wake. Enyi wazazi wenye mabinti, fikirini: kazi hii ikiwa biashara, ni mabinti wa nani watakaoitwa kuuza? Hawatakuwa mabinti wa matajiri.

Hatari ya tatu ni ya mtoto mwenyewe, hata akizaliwa mzima wa mwili. Nayo ndiyo tuliyotaka hasa kuwaambia.

Katika makabila yetu mengi mtoto hupewa jina la babu yake au bibi yake. Siku hiyo wazee hufurahi, husema, "Babu amerudi." Bibi humwita mjukuu "mume wangu," watu wakacheka. Lakini hakuna mzee mjinga hata akadhani kwamba huyu ndiye babu yule yule. Mtoto akipenda ufundi, naye babu alikuwa mvuvi, hapigwi kwa sababu hiyo. Jina lamfunga na ukoo wake, walakini njia yake yuaitafuta mwenyewe. Desturi hii ina hekima: humkumbuka aliyekufa bila kumnyima nafasi aliyezaliwa.

Mtoto wa kunakiliwa hangekuwa na nafasi hiyo. Uso wake ungejulikana kabla hajazaliwa. Magonjwa yake yangetazamiwa. Kama angefanywa ili kushika mahali pa ndugu aliyekufa, angekua chini ya picha iliyotundikwa ukutani, na kila siku angepimwa kwayo: mwenzako alikuwa mpole, mwenzako alijua hesabu. Angezaliwa na deni asilolikopa. Na ukoo wenyewe ungevurugika. Mwanamke akinakiliwa, akamzaa huyo mtoto mwenyewe, yule mtoto kwa malezi ni binti yake, kwa damu ni pacha wake. Na bibi mzaa mama, atamwitaje? Kwa malezi ni bibi, kwa damu ni mama. Sisi ambao heshima zetu zote hufuata majina hayo, shangazi na mjomba, mkubwa na mdogo, twajua kwamba si maneno matupu. Ndiyo yamwambiayo mtoto ni nani wa kumlea na ni nani wa kumwonya.

Tena lile lililotakiwa halingepatikana. Mwaka wa 2001, huko Texas, Marekani, walimnakili paka wa rangi tatu. Mtoto aliyezaliwa hakuwa na rangi tatu za yule wa kwanza, ingawa maagizo yao ni yale yale, kwa maana madoa ya paka hupangwa tumboni wakati wa kukua. Ikiwa hata manyoya ya paka hayanakiliki, je, moyo wa mtu? Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mulizeni mama wa Kulwa na Doto. Atawaambia kwamba mmoja huamka mapema na mwingine hupenda usingizi, na kwamba hakupata kumwadhibu mmoja kwa kosa la mwenzake.

Mataifa nayo yamelifikiri jambo hili. Mwaka wa 1997 UNESCO ilitangaza kwamba kuzalisha watu kwa kloni ni kinyume cha heshima ya mwanadamu. Uingereza, nchi ya Gurdon, ilitunga sheria ya kulikataza mwaka wa 2001. Afrika ya Kusini ililikataza katika sheria yake ya afya ya mwaka wa 2003. Mwaka wa 2005 Umoja wa Mataifa ulitoa tamko la kuzitaka nchi zikataze kloni ya watu. Nchi 84 zilikubali, 34 zilikataa, na 37 hazikupiga kura. Zilizokataa si kwamba zote zilitaka watu wanakiliwe. Nyingi zilitaka kazi ya seli za kuponya isifungiwe pamoja. Tamko hilo halina nguvu ya sheria. Na ingawa mwaka wa 2002 watu wa dhehebu moja walijigamba kwamba wamempata mtoto wa kloni, hawakuleta ushahidi, wala hata leo hakuna mtu ambaye imethibitika kwamba alizaliwa kwa njia hiyo.

Basi shauri letu ni hili. Kazi ya kuponya kwa seli, isiyoua wala kumdanganya mtu, tuipokee kwa shukrani na kuiangalia kwa makini. Kazi ya kumfanyiza mtu awe nakala ya mwingine tuikatae. Walakini, ndugu, sikilizeni na neno hili: kama siku moja mtu wa kiburi atalifanya, akazaliwa mtoto, mtoto huyo hana kosa. Ni mtu kamili kama wewe na kama mimi, wala asiitwe kivuli cha mtu. Apewe jina lake mwenyewe, na mlango wa kanisa na wa shule uwe wazi kwake. Tuyakemee matendo ya waliomfanyiza, yeye tumlee.

Nanyi waalimu, mtakapoulizwa darasani, msiseme kwamba ni uchawi, wala msiseme kwamba wataalamu wote ni waovu. Wapelekeni watoto shambani, waonyesheni shina la muhogo, kisha waonyesheni mapacha wa shule yenu, waulizeni kama hao wawili ni mtu mmoja. Watajibu wenyewe.

Mwisho twarudi kwa mama yetu. Mama, nywele zilizokatwa hazina seli hai, basi hapo hapana njia. Lakini hata kama ingekuwapo, asingerudi yeye. Dolly aliishi maisha yake mwenyewe, akazaa wana sita, akapatwa na ugonjwa wa viungo, kisha ugonjwa wa mapafu ukamzidi, hata tarehe 14 Februari 2003 wakamlaza asiteseke zaidi. Yule kondoo wa kwanza hakurudi kamwe. Vivyo hivyo mtoto ambaye wangekupa angekuwa mgeni mwenye sura unayoijua, naye angetaka apendwe kwa ajili yake mwenyewe. Mwanao alikuwa mmoja tu, na kwa sababu alikuwa mmoja ndiyo maana wamlilia hivi. Ziweke nywele zake, mama, zikae katika sanduku lako. Ukitaka kutaja jina lake mbele yetu, njoo wakati wo wote, nasi tutasikiliza.

Haya ndiyo tuliyokuwa nayo.